Charles Eliot: Aliyeyaweka Wakfu Mapori ya Boston

Leo nataka kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu maisha ya mtu mmoja wa Marekani ambaye jina lake huku kwetu halisikiki sana, ingawa katika fani yake ni mtu mashuhuri. Huyu ni Charles Eliot, mpangaji wa mandhari na bustani za umma, aliyezaliwa mwaka wa 1859 na kufariki mwaka wa 1897 akiwa na umri wa miaka 37 tu. Hakuwa mwanasiasa wala jemadari, wala hakuacha utajiri. Alichoacha ni misitu, fuo za bahari, kingo za mito na vijia vya miguu vinavyouzunguka mji wa Boston. Mpaka hivi leo, tajiri na maskini hutembea humo bila ya kuulizwa wamekuja kwa nani.

Nimemchagua yeye kwa sababu hii. Sisi watu wa pwani tunalijua neno wakfu tangu utotoni. Tunajua kuwa mtu akitoa kisima, shamba au nyumba kuwa wakfu, basi kitu hicho hakiuzwi tena, hakirithiwi, wala hakipewi mtu kuwa zawadi. Manufaa yake hutumiwa na walengwa, na asili yake hubaki pale pale. Eliot alikuwa Mkristo, na neno hili hakuwa nalo. Lakini alipotafuta dawa ya kuokoa ardhi isikatwe viwanja na kuuzwa, alifikia wazo linalofanana na wakfu kama shilingi kwa ya pili.

UTOTO NA MATEMBEZI

Charles alizaliwa Novemba 1, 1859, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, ng'ambo ya mto kutoka Boston. Baba yake, Charles William Eliot, alikuwa mwalimu wa kemia. Mwaka wa 1869 alichaguliwa kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, akakiongoza kwa muda wa miaka 40. Lakini mwaka huo wa cheo ndio pia uliokuwa mwaka wa msiba nyumbani mwake. Mama yake Charles alifariki dunia, akaacha watoto wawili wa kiume: Charles, aliyekuwa na umri wa miaka 9, na mdogo wake Samuel.

Nikisoma habari za utoto wake namwona mtoto mpole, mwenye haya, asiyependa makundi, ambaye faraja yake kubwa ilikuwa ni kutembea. Siku za Jumamosi alikuwa akitoka mjini, akipiga miguu mashambani, vilimani na kwenye kingo za mito ya kandokando ya Boston. Hata matembezi hayo akayaandika katika orodha, mahali kwa mahali. Kijana huyo hakujua kuwa baadhi ya sehemu zile alizokuwa akizipita kwa kujifurahisha, siku moja yeye mwenyewe angekuja kuziokoa zisipotee.

Wakati wa kiangazi baba aliwachukua wanawe baharini. Walisafiri kwa mashua ya tanga katika pwani ya jimbo la Maine, kaskazini ya Massachusetts, wakapiga hema katika kisiwa cha Mount Desert na visiwa vya jirani. Mwaka wa 1880 Charles, ambaye sasa alikuwa mwanafunzi wa Harvard, aliwakusanya rafiki zake wakaunda chama walichokiita Champlain Society. Vijana hao walipiga kambi kisiwani wakati wa likizo, kila mmoja na kazi yake: huyu mimea, huyu ndege, huyu mawe, huyu hali ya hewa. Charles ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Hawakwenda kustarehe tu, bali waliandika kila walichokiona. Uchunguzi wao wa mimea ukazaa kitabu kilichotolewa mwaka wa 1894.

Msomaji na akiweke akilini kisiwa hicho cha Mount Desert, maana tutakirudia.

KWA FUNDI MKUU

Charles alimaliza masomo Harvard mwaka wa 1882, naye hakujua afanye kazi gani. Alipenda ardhi, alipenda kuchora, alipenda kutembea. Wakati huo hapakuwa na chuo chochote Marekani kilichofundisha fani ya kupanga mandhari. Aliyeitaka ilimbidi akakae kwa fundi, kama vile kwetu mtu alivyojifunza kuunda jahazi: kwa kushika, kutazama na kuuliza. Kwanza alisoma kilimo na utunzaji wa miti. Kisha mwaka wa 1883 mjomba wake, aliyekuwa msanifu wa majengo, akampeleka kwa Frederick Law Olmsted.

Olmsted ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa fani hiyo. Yeye na mwenzake Calvert Vaux ndio waliochora mpango wa bustani kubwa ya Central Park, New York, mwaka wa 1858. Charles alipofika kwake, mzee huyo alikuwa akishughulika na kazi ya Boston. Huko, badala ya kutengeneza bustani moja kubwa, alikuwa akitunga mlolongo wa bustani uliotoka katikati ya mji, ukapita kwenye matope ya Back Bay, ukafuata kijito kiitwacho Muddy River, ukagusa ziwa la Jamaica, kisha shamba la miti la Arnold, na kuishia Franklin Park. Watu wakaja kuuita mlolongo huo Mkufu wa Zumaridi. Urefu wake ni kama maili 7, na eneo lake ni kama ekari 1,100.

Naona Charles alijifunza mambo mawili hapo. La kwanza, ni kwamba bustani iliyo peke yake ni kama kisiwa. Anayeifikia ni yule anayekaa karibu au mwenye gari. Lakini bustani zikiunganishwa kwa njia yenye miti na maji, mtu hutoka mlangoni kwake akafika msituni kwa miguu. La pili, ni kwamba urembo na afya ni ndugu. Sehemu ile ya Back Bay ilikuwa matope yaliyojaa uchafu wa mji, yenye uvundo mkali. Olmsted aliipanga ili kwanza izuie mafuriko na kuondoa uchafu, na urembo ukafuata.

Baada ya miaka 2 Charles aliaga. Akatembelea majimbo ya kusini ya Marekani, kisha akaenda Ulaya akakaa karibu mwaka mzima, akizunguka Uingereza, Ufaransa, Italia na Ujerumani. Kila alipofika alipima, akachora na kuandika. Mwishoni mwa mwaka wa 1886 akarudi Boston na kufungua ofisi yake. Mwaka wa 1888 akamwoa Mary Yale Pitkin, na wakajaliwa binti 4.

MIALONI YA WAVERLEY

Wakati huo Boston ilikuwa ikikua upesi. Viwanda viliongezeka, reli na tramu zikasambaa, na kila zilikofika mashamba yakakatwa viwanja. Kijana wa jana aliyekuwa akipita msituni, leo alikuta ukuta na mbwa. Na katika pwani ile ya Maine aliyoizoea tangu utotoni mambo yalikuwa hayo hayo. Matajiri wa mijini walinunua ardhi ya ufuoni wakajenga majumba ya kiangazi, na wenyeji wakaanza kukosa njia ya kuteremkia baharini. Sisi tuliozaliwa karibu na bahari hatuhitaji kuelezwa maana ya njia ya ufuoni kuzibwa. Eliot aliandika makala juu ya jambo hilo, akaonya kuwa isipofanyika hila mapema, umma utaukosa ufuo wake wote.

Mwaka wa 1890 akaandika barua katika gazeti la Garden and Forest. Kisa cha barua hiyo kilikuwa mialoni. Mahali paitwapo Waverley, nje kidogo ya Boston, palikuwa na miti ya mialoni ya kale sana, iliyosimama kabla ya mji wenyewe kuwa mji. Sasa miti hiyo ilikuwa katika hatari ya kumezwa na majengo. Eliot akatoa shauri. Kama vile maktaba ya umma inavyohifadhi vitabu, na jumba la sanaa linavyohifadhi picha, alisema, basi na pawe na chama kitakachohifadhi sehemu nzuri za ardhi. Wanachama wake wawe wadhamini, sheria iwape uwezo wa kumiliki ardhi bila ya kutozwa kodi, na wao waitunze kwa ajili ya watu wote.

Hapa ndipo nilipokumbuka wakfu. Yuko anayetoa, yuko mdhamini, wako wanaonufaika, na mali yenyewe haiguswi. Mdhamini hapewi ruhusa ya kuila. Hukabidhiwa tu, naye akifa humkabidhi mwenzake.

Shauri hilo halikubaki katika karatasi. Charles aliwaandikia watu mamia, akaitisha mkutano, akapata msaada wa klabu ya wapanda milima ya Appalachian, na mwaka wa 1891 bunge la Massachusetts likapitisha sheria ya kuunda chama hicho, Trustees of Public Reservations. Zawadi ya kwanza waliyopokea ilikuwa kipande cha msitu katika mji wa Stoneham, nacho kilitolewa na mama mmoja kuwa kumbukumbu ya binti yake aliyefariki. Msitu huo ukaitwa kwa jina la marehemu, Virginia Wood. Sijui kama yapo maelezo bora kuliko hayo juu ya maana ya kutoa ardhi. Mtu amepoteza mwana, naye anatafuta kitu kisichokufa akiambatanishe na jina lake.

Uingereza ilipounda chama chake cha National Trust mwaka wa 1895, mfano wa Massachusetts ulikuwa mbele yao. Na kile chama cha Eliot kingali hai, nacho kina sehemu zaidi ya 100 jimboni.

RAMANI YA MIJI THELATHINI NA KITU

Hata hivyo, Eliot aliona upesi kuwa hisani peke yake haitoshi. Anayengoja zawadi hupata kile alichojaliwa mtoaji, hapa kidogo na pale kidogo, nao mji haungoji. Tena palikuwa na tatizo jingine. Boston ilizungukwa na miji midogo zaidi ya 30, kila mmoja na halmashauri yake, bajeti yake na mipaka yake. Mto ulipita katikati ya miji miwili, kila mmoja ukimtazama mwenziwe nani ataanza kusafisha. Kilima kilikuwa cha miji mitatu, kwa hiyo hakikuwa cha yeyote. Ya wengi hayana mwenyewe.

Basi wale wadhamini wakawaita wakuu wa miji hiyo wakakaa pamoja. Mwaka wa 1892 jimbo likaunda tume ya kuchunguza jambo hilo. Katibu wake alikuwa mwandishi wa magazeti aitwaye Sylvester Baxter, na mtaalamu wake wa mandhari alikuwa Charles Eliot, mwenye umri wa miaka 33. Wawili hao walizunguka kila pembe, na mapema mwaka wa 1893 wakatoa taarifa yao.

Taarifa ile napenda kuieleza kidogo, maana ndani yake ndimo ulimo ubingwa wa mtu huyu. Eliot hakuanza kwa kuuliza ardhi ipi ni rahisi kununuliwa, wala mji gani una pesa. Alianza kwa kuiuliza ardhi yenyewe. Vilima viko wapi? Maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi? Bahari inagusa wapi? Kisha akataja aina 5 za mahali ambazo eneo zima lilizihitaji: ufuo wa bahari kuu, kingo na visiwa vya bandari, mito mikubwa na mahori yake, misitu miwili au mitatu mikubwa pembezoni, na viwanja vidogo vidogo vingi vya kuchezea watoto katikati ya mitaa ya watu wengi. Baadaye njia pana zenye miti zikapangwa ili kuviunganisha vitu hivyo.

Kusini aliichagua Blue Hills, vilima ambavyo jina la jimbo lenyewe linatokana navyo, kwani wenyeji wa asili, Wamassachusett, waliitwa watu wa kilima kikubwa. Kaskazini akachagua Middlesex Fells, nchi ya mawe na mabwawa. Na kati ya pande hizo mbili akachagua mito mitatu, Charles, Mystic na Neponset, iwe kama mishipa inayopeleka hewa safi mpaka moyoni mwa mji.

Kanuni yake juu ya mipaka nayo ilikuwa ya akili. Aliwashauri wakuu wasinunue nusu ya kilima wala upande mmoja wa mto. Wachukue kilima mpaka chini, na mto pande zote mbili, ili kijia cha mtembeaji kisikatizwe na ua wa nyumba ya mtu. Leo wataalamu wa wanyama wa porini husema hivyo hivyo juu ya mapito ya wanyama. Mnyama hajui mpaka wa halmashauri, hujua bonde na maji.

Juni 3, 1893, tume hiyo ikafanywa ya kudumu. Jimbo likaidhinisha mkopo wa kwanza wa dola 1,000,000, na miji ikatakiwa kuulipa kwa mafungu. Kazi ya kununua ikaanza mara moja. Beaver Brook, penye ile mialoni ya Waverley, ndipo pa kwanza kuchukuliwa. Blue Hills na Middlesex Fells zikafuata. Hadi kufikia mwaka wa 1900 zilikuwa zimekusanywa kiasi cha ekari 9,000. Wapo waliolalamika kuwa pesa zinatupwa porini. Eliot aliwajibu kwa hesabu: ardhi ya leo ni rahisi, ya kesho itakuwa ghali, na ya kesho kutwa haitapatikana kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

UFUO NA MTO

Kuna kazi mbili ambazo naona sisi wa pwani tutazielewa upesi. Ya kwanza ni ufuo wa Revere, kaskazini ya Boston. Ulikuwa ufuo mrefu wa mchanga, lakini reli ilipitishwa juu ya mchanga wenyewe, na vibanda vya kila aina vikasongamana mpaka bahari haionekani. Kwa mpango wa Eliot reli ikasogezwa nyuma, vibanda vikaondolewa, ikajengwa njia ya kutembea na nyumba ya kuogea. Ulipofunguliwa mwaka wa 1896, wafanyakazi wa viwandani na jamaa zao walifurika kwa maelfu. Huhesabiwa kuwa ufuo wa kwanza wa umma nchini Marekani.

Ya pili ni Mto Charles. Mto huo ulikuwa hori la maji ya chumvi. Yakijaa unaona kama ziwa, yakipwa unaona matope meusi yenye taka za viwanda na machinjio, na harufu isiyovumilika. Eliot akashauri lijengwe boma mdomoni mwa mto lizuie maji ya bahari, ili juu yake pabaki ziwa la maji baridi lenye kingo za kutembea. Wakuu wa bandari walipinga. Wenye majumba ya kifahari kando ya maji nao walipinga. Eliot hakuliona boma hilo. Lilikamilika mwaka wa 1910, miaka 13 baada ya kifo chake, na ziwa lile leo ndilo uso wa mji wa Boston.

SHOKA MSITUNI

Misitu ilipokwisha kununuliwa, yalizuka mabishano ambayo hayajaisha mpaka leo duniani. Wapo waliosema kuwa maadamu msitu umehifadhiwa, basi asiguse mtu hata tawi. Eliot, mpenzi wa miti, akasema sivyo. Aliipima misitu ile kwa hatua, akawaweka watu kuchora aina ya miti, mawe na udongo katika karatasi nyepesi zinazopandanishwa moja juu ya nyingine, ili kila kitu kionekane mahali pake. Aligundua kuwa misitu ile ilikuwa imekatwa kwa kuni na mbao mara nyingi tangu walowezi walipofika, ikachomwa moto na kulishwa ng'ombe. Miti mingi ilikuwa machipukizi yaliyoota juu ya visiki, yakibanana na kunyang'anyana mwanga.

Kwa hiyo, akasema, msitu uliojeruhiwa na binadamu unahitaji mkono wa binadamu ili upone. Hapa patatwe pafunguke, mandhari ya mbali yaonekane. Pale miti michanga ipewe nafasi. Kule bonde liachwe kama lilivyo. Alitaka pia vijia na njia vipangwe kabla ya kuchimbwa, vifuate umbo la ardhi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mchelea mti kukatwa huenda akaukosa msitu. Taarifa yake juu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka wa 1898, naye akiwa kaburini.

Msomaji asidhani kuwa kazi yote hiyo aliifanya akiwa na nafasi. Mwaka wa 1893 mshirika kijana wa Olmsted alikufa ghafla, na mzee akamwita Charles arudi awe mshirika wake. Miaka 2 baadaye Olmsted mwenyewe, ambaye kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumpotea, akastaafu. Mzigo mkubwa ukamwangukia Charles. Machi 1897 aliugua ghafla ugonjwa wa uti wa mgongo. Hakukaa siku nyingi. Machi 25 akafariki, akaacha mjane na watoto wadogo wa kike, na kazi iliyokuwa bado kati.

BABA ASOMA MAKARATASI

Sehemu hii ndiyo iliyonigusa zaidi kuliko zote.

Baba yake Charles alikuwa mmoja wa watu waliosikilizwa sana Marekani. Alikuwa na shughuli nyingi, na mwanawe alikuwa mtu wa maneno machache. Baada ya mazishi mzee alianza kusoma barua, taarifa na makala za marehemu. Akastaajabu. Aligundua kuwa kwa miaka 10 tu ya kazi, mwanawe alikuwa amebadilisha hali ya nchi nzima ya kandokando ya Boston, naye baba hakuwa amelifahamu jambo hilo sawasawa. Kifo ndicho kilichomjulisha mtoto wake. Wangapi katika sisi tunakaa na watu nyumba moja tusijue thamani yao mpaka siku ya kusoma hitima?

Mzee hakuishia kwenye majonzi. Aliandika kitabu kinene cha kurasa zaidi ya 700 juu ya maisha na kazi ya mwanawe, kikatoka mwaka wa 1902. Mwaka wa 1900 Harvard ilianzisha masomo ya kupanga mandhari, ya kwanza ya aina yake nchini, kwa kumkumbuka Charles. Naye aliyewekwa kuyaongoza alikuwa mwana wa Olmsted. Kijana aliyekosa chuo cha kusomea akawa sababu ya chuo kupatikana.

Na katika makaratasi yale mzee alikutana na ile makala ya zamani juu ya pwani ya Maine. Sasa turudi kisiwani Mount Desert. Mwaka wa 1901, mzee Eliot akiwa na umri wa miaka 67, aliwaita majirani zake wa kisiwa hicho wakaunda chama cha wadhamini cha wilaya ya Hancock, kwa mfano ule ule aliouweka mwanawe Massachusetts. Yeye akawa mwenyekiti, na George Dorr akawa msaidizi wake, na huyo Dorr ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafuta ardhi. Walipokea kilele cha mlima huyu, chemchemi yule, ukingo wa ziwa mwingine. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa 1913 wakatokea watu waliotaka bunge la Maine livunje sheria ya chama hicho. Dorr akawahi kwenda kukitetea, na hatari hiyo ikawafundisha kutafuta ulinzi mkubwa zaidi. Mwaka wa 1916 walikabidhi zaidi ya ekari 5,000 kwa serikali ya Marekani bila ya malipo. Mwaka wa 1919 ikawa mbuga ya taifa, ya kwanza mashariki ya mto Mississippi, na tangu 1929 inaitwa Acadia. Ina zaidi ya maili 150 za vijia vya miguu, na mamilioni ya watu huitembelea kila mwaka. Mzee Eliot alifariki mwaka wa 1926, baada ya kuiona.

YALIYOKATWA NA YALIYOUNGWA

Ningekuwa mwongo kama ningesema yote yamekwenda sawa. Njia zenye miti ambazo Eliot alizipanga kwa magari ya farasi na watembea kwa miguu ziligeuka kuwa barabara za motokaa. Mwaka wa 1951 ilifunguliwa barabara kubwa kwenye ukingo wa Mto Charles, ikawakata watu wa Boston na mto wao. Barabara kuu nyingine ikapasua Middlesex Fells vipande viwili. Mtembeaji hutafuta daraja, na mnyama ambaye babu yake alivuka hapo kwa amani hukutana na magurudumu. Kilichounganishwa kwa jasho la miaka kinaweza kukatwa kwa mwaka mmoja, na maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini wapo walioendelea kuunga. Mdogo wake Charles, Samuel, alipata mwana mwaka wa 1899, miaka 2 baada ya msiba, akampa jina la marehemu. Kijana huyo naye akawa mpangaji wa mandhari. Mwaka wa 1929 alitoa shauri la mzunguko wa pili wa misitu, mito na vijia, nje zaidi ya ule wa kwanza, utakaoizunguka Boston kutoka pwani ya kaskazini mpaka pwani ya kusini. Mpango huo ulilala miaka mingi. Baadaye watu wa kujitolea wakaufufua, wakaunganisha kijia kwa kijia, shamba kwa shamba, wakiomba ruhusa mlango kwa mlango. Leo njia hiyo, Bay Circuit, ina urefu wa kiasi cha maili 230.

Ninapoyatazama maisha haya mafupi najiuliza, mtu wa miaka 37 alipata wapi nguvu ya kufanya kazi itakayodumu zaidi ya karne? Jibu ninaloliona ni kwamba hakuiegemeza kazi yake juu ya umri wake. Aliiweka katika sheria, katika ramani, na katika mikono ya wadhamini. Alipoondoka, ramani ilikuwapo mezani, na aliyekuja nyuma alijua aanzie wapi. Wazee wetu waliochimba visima vya misikiti walifanya hesabu hiyo hiyo: hawakuuliza watakunywa wao kwa miaka mingapi. Nasi kila tunapoona njia ya kwenda ufuoni, kichaka cha mzimu au ukingo wa mto ukiwa bado wazi, swali letu na liwe hilo. Nani mdhamini wake, na je, jina lake limeandikwa mahali?